UCHAMBUZI: Mwalimu wa urubani ni mpita njia, na gharama yake hulipwa na mwanafunzi

KILA msimu wa kampeni unapowadia, watoto wa Nyakoe na vitongoji vyake huinua macho juu. Chopa za wanasiasa hupita juu ya migomba, zikatua katika viwanja vya shule na kutimua vumbi, kisha zikapaa na kutokomea upande wa Kisii mjini. Kwa wengi wao, hicho ndicho chombo cha angani cha pekee wanachokiona kwa karibu utotoni.

Baadhi hurejea nyumbani na ndoto ya urubani. Wachache hukua nayo hadi kufikia hatua ya kuuliza karo. Lakini kuna swali jingine linaloulizwa kwa nadra, ilhali ndilo linaloamua iwapo pesa hizo zitazaa rubani au zitazaa majuto: ni nani atakayemfundisha kijana huyo, na mwalimu huyo naye alifundishwa nini kuhusu kufundisha?

Swali hilo si la wataalamu pekee. Linagusa mfuko wa mzazi, usalama wa abiria na hatima ya vijana wa mashambani wanaotaka kuingia katika taaluma ambayo kwa miaka mingi imeonekana kuwa ya watoto wa matajiri.

Ukweli ni kwamba katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo, ukufunzi wa urubani umegeuzwa ngazi. Kijana aliyepata leseni yake majuzi huanza kuwafundisha wengine ili akusanye saa za kuwa angani, kisha huondoka punde tu anapopata nafasi katika kampuni ya ndege. Na anayepanda ngazi hana sababu ya kujenga nyumba juu yake.

Matokeo ni kuwa mwanafunzi mchanga kabisa mara nyingi huwekwa mikononi mwa mwalimu mchanga kabisa. Jambo hili lina gharama, na gharama hiyo humwangukia zaidi yule asiye na akiba.

Harambee isiyo na kikomo

Nyakoe ni kituo cha biashara kilicho kwenye barabara kuu ya kutoka Kisii kuelekea Oyugis na Kisumu, na pia ni jina la wadi katika eneobunge la Kitutu Chache Kusini. Kama ilivyo kwingineko Gusii, wakazi wengi hutegemea vishamba vidogo na biashara ndogo ndogo.

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu milioni 1.2, na kwamba kila kilomita mraba moja hukaliwa na zaidi ya watu 900. Ni miongoni mwa maeneo ya mashambani yenye msongamano mkubwa zaidi nchini. Shamba ambalo babu aligawia wanawe, nao wakagawia wana wao, leo halitoshi kulimwa, sembuse kuuzwa ili kulipia masomo yanayogharimu mamilioni ya shilingi.

Hata hivyo, Abagusii hawajawahi kukosa ari ya kusomesha. Kwa miongo kadhaa harambee zimewapeleka vijana vyuoni na ng'ambo, hasa Marekani, ambako jimbo la Minnesota limekuwa na jamii kubwa ya watu kutoka Gusii.

Lakini harambee ya chuo kikuu na harambee ya urubani hazifanani. Karo ya chuo hujulikana kwa muhula, na mzazi anaweza kupanga. Karo ya urubani huhesabiwa kwa saa. Kila saa ndege inapokuwa hewani, kuna mafuta, matengenezo, bima, ada za uwanja na malipo ya mkufunzi. Mafuta yenyewe ya ndege ndogo za pistoni huagizwa kutoka nje, hivyo bei yake hucheza na dola.

Isitoshe, pesa zikikatika, masomo hayasimami tu, bali hurudi nyuma. Ustadi wa mikono hufifia upesi kwa mtu ambaye bado hajaumudu. Mwanafunzi anayekaa miezi mitatu bila kuruka hulazimika kurudia baadhi ya masomo aliyokwisha kuyalipia.

Ni hapa ndipo suala la mwalimu linapoingia. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinataka mwanafunzi awe na angalau saa 40 za kuruka kabla ya kupewa leseni ya rubani wa kibinafsi, ama saa 35 iwapo amefuata kozi iliyoidhinishwa. Hicho ni kiwango cha chini cha sheria. Si ahadi kwamba kila mtu atakuwa tayari saa hizo zinapotimia.

Atakayemaliza kwa saa 45 na atakayehitaji 65 wanaweza kuwa na kipaji sawa. Tofauti yao yaweza kuwa mwalimu. Mkufunzi anayejua kutambua chanzo cha kosa hulirekebisha katika safari moja. Asiyejua hulitazama kosa lile lile likirudiwa safari tano, na saa zote tano huandikwa katika bili ya mzazi.

Zaidi ya hayo, kila mara mkufunzi anapoondoka, anayempokea mwanafunzi hulazimika kumpima upya kabla ya kuendelea. Huo ni utaratibu wa busara, na haufai kupuuzwa. Lakini mtoto wa tajiri huuona kama usumbufu, ilhali mtoto wa Nyakoe huuona kama harambee nyingine.

Ngazi ya saa

Ili kuelewa kwa nini wakufunzi huhama, ni lazima kuielewa ngazi yenyewe.

Baada ya leseni ya kibinafsi, ambayo haimruhusu mwenyewe kulipwa kwa kurusha ndege, mwanafunzi huendelea hadi leseni ya rubani wa biashara. Kwa viwango vya ICAO, hii hutaka saa 200, au 150 kwa aliyefuata kozi iliyoidhinishwa. Kati ya saa hizo, 100 ziwe za yeye mwenyewe kuwa kiongozi wa ndege, au 70 kwa wa kozi iliyoidhinishwa. Awe pia amefunga safari moja ya kilomita zisizopungua 540, akitua katika viwanja viwili tofauti njiani. Umri wa chini ni miaka 18, na sharti apasi uchunguzi wa kiafya wa daraja la kwanza.

Juu kabisa kuna leseni ya rubani wa mashirika ya ndege, ambayo humwezesha mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria. Hiyo hutaka saa 1,500 na umri wa miaka 21.

Baina ya saa 200 na saa 1,500 kuna bonde pana. Kijana ana leseni ya kumruhusu kulipwa, lakini waajiri wengi humtazama na kumwambia arudi akiwa na uzoefu. Bima nazo huwa na masharti yake. Uzoefu hupatikana kwa kuruka, na kuruka kwahitaji pesa ambazo sasa zimekwisha.

Njia mojawapo chache za kulivuka bonde hilo huku ukilipwa ni ukufunzi. Mkufunzi huhesabiwa saa anazokuwa hewani na mwanafunzi wake. Tuseme, kwa mfano, anaruka saa 50 kwa mwezi. Kutoka saa 200 hadi 1,500 atahitaji miezi 26. Akiruka saa 25, itamchukua zaidi ya miaka minne.

Hali hii si ya Kenya pekee. Nchini Marekani, baada ya ajali ya ndege karibu na jiji la Buffalo mwaka 2009, Bunge lilipitisha sheria ambayo tangu mwaka 2013 imewataka marubani wa mashirika ya ndege, akiwemo msaidizi wa kapteni, kuwa na leseni ya juu, ambayo kwa kawaida huhitaji saa 1,500. Nia ilikuwa njema. Lakini matokeo yake mojawapo ni kuwa ukufunzi uliimarika zaidi kama chumba cha kungojea nafasi kwingine.

Kwa mtoto wa mkulima, ngazi hii ina sura mbili. Upande mmoja ni neema, kwa kuwa bila ukufunzi asingekuwa na namna ya kufikia saa zinazotakiwa. Upande wa pili ni kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi, alifundishwa na mtu aliyekuwa akihesabu saa zake mwenyewe.

Kujifunza kufundisha

Kuna dhana kwamba anayejua kurusha ndege anajua pia kufundisha urubani. Dhana hiyo ni potofu. Mwalimu yeyote wa shule ya msingi angeweza kueleza kwa nini: kujua hesabu na kumfanya mtoto aielewe hesabu ni mambo mawili.

Viwango vya ICAO vinalitambua hilo. Anayetaka kibali cha ukufunzi hutakiwa kwanza awe na maarifa na uzoefu wa rubani wa biashara. Kisha huongezewa mambo ambayo hayahusu mabawa wala injini: jinsi binadamu anavyojifunza, namna ya kuandaa somo, namna ya kutumia vifaa vya darasani, jinsi ya kutahini na kutathmini, na jinsi ya kuchambua makosa ya mwanafunzi na kuyasahihisha.

Aidha, sharti afundishwe hatari za kuigiza hitilafu hewani. Mkufunzi hupunguza nguvu ya injini makusudi ili mwanafunzi ajizoeze kutafuta mahali pa kutua kwa dharura. Zoezi hilo likiendeshwa vibaya, mwigo hugeuka ajali ya kweli.

Barani Ulaya sheria hueleza hata idadi ya saa. Kozi ya ukufunzi wa ndege huwa na saa 125 za nadharia na saa 30 za kuruka. Anayehitimu haachiwi huru papo hapo. Hufanya kazi chini ya uangalizi wa mkufunzi mkongwe, wala haruhusiwi kuidhinisha safari ya kwanza ya mwanafunzi kuruka peke yake. Kizuizi hicho huondolewa baada ya kufundisha kwa saa 100 na kusimamia safari 25 za wanafunzi walio peke yao.

Kazi yenyewe huanza kwa jambo linaloonekana dogo: kubadilisha kiti. Katika ndege ndogo za mafunzo, mwanafunzi hukaa kushoto na mkufunzi hukaa kulia. Rubani aliyezoea kushika usukani kwa mkono wa kushoto na kudhibiti nguvu ya injini kwa wa kulia, hulazimika kugeuza kila kitu. Dirisha analolitazama wakati wa kutua sasa liko upande mwingine, na mizani yote ya macho hubadilika.

Juu ya hayo, hutakiwa kuzungumza huku akitenda. Neno na tendo sharti viende pamoja. Akieleza mapema mno, mwanafunzi husahau. Akichelewa, ndege imekwisha kufanya jambo jingine. Pia kuna kanuni ya kukabidhiana usukani kwa kauli ya wazi, mmoja akitamka kuwa anatoa na mwingine akiitikia kuwa amepokea, ili pasitokee hata sekunde moja ambapo kila mtu anadhani mwenzake ndiye anayeongoza.

Lakini mtihani mkubwa zaidi wa mkufunzi ni kujizuia. Mwanafunzi akikosea, mkono wa mwalimu huwashwa na hamu ya kunyakua usukani. Akinyakua mapema kila mara, mwanafunzi hatajifunza kujisahihisha. Akingoja mno, wote wawili wataangamia. Kujua wakati wa kuingilia ndio moyo wa taaluma hii, na ni jambo lisilopatikana kwa kusoma kitabu.

Kisha huja siku ambayo mkufunzi hufungua mlango, akashuka na kumwachia mwanafunzi ndege. Uamuzi huo huchukuliwa kwa kutegemea hukumu ya mtu mmoja. Ndiyo maana tabia ya mwalimu ina uzito kuliko wingi wa saa zake.

Haki inahitaji kutendewa walimu vijana pia. Si kila mkufunzi mchanga ni dhaifu. Wako wanaofundisha vyema kwa sababu bado wanakumbuka pale walipokwama wao wenyewe. Na wako marubani wa maelfu ya saa wasioweza kueleza jambo likaeleweka. Tatizo halimo katika ujana. Limo katika mfumo unaomfanya kijana huyo aondoke pindi anapoanza kuiva.

Majina ya marubani, si ya walimu

Historia ya urubani nchini yenyewe inaonyesha jinsi mwalimu anavyosahaulika. Klabu ya ndege ya Aero Club of East Africa iliundwa mwaka 1927. Miaka miwili baadaye Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways jijini Nairobi, na jina lake ndilo linalobebwa hadi leo na uwanja wa Wilson.

Rubani aliyepata umaarufu zaidi kutokana na enzi hizo ni Beryl Markham, aliyelelewa Kenya. Mwezi Septemba mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Canada, akienda kinyume na upepo. Wanaolijua jina lake ni wengi. Wanaomjua Tom Campbell Black, aliyemfundisha urubani jijini Nairobi, ni wachache, ingawa naye alikuwa rubani hodari aliyeshinda mashindano ya kutoka Uingereza hadi Australia mwaka 1934.

Baada ya uhuru, serikali za Afrika Mashariki zilitambua kuwa hazingeweza kutegemea marubani wa kigeni daima. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha shule ya urubani mjini Soroti, Uganda, ili iwahudumie Wakenya, Waganda na Watanzania kwa pamoja. Hapo palikuwa na wazo la maana: mafunzo yagharimiwe na umma, na walimu wawe waajiriwa wa kudumu.

Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Soroti ilibaki mikononi mwa Uganda, na Kenya ikaanzisha shirika lake la Kenya Airways mwaka huo huo. Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki kilichoko Embakasi, kilichoasisiwa mwaka 1954, kimeendelea kufahamika zaidi kwa kuwafunza waongozaji ndege, mafundi na wahudumu. Mafunzo ya kuruka yenyewe kwa raia wa kawaida yaliachwa kwa kiasi kikubwa kwa shule za kibinafsi, nyingi zikiwa Wilson.

Tangu hapo, anayetaka kuwa rubani bila kupitia jeshi au ufadhili wa shirika hujilipia. Na anayetaka kuwa mkufunzi hujilipia tena, kwa kuwa kozi ya ukufunzi ina karo yake.

Anga iliyobanana

Mnamo Machi 5, 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink iliyokuwa imetoka Wilson ikielekea Diani na watu 44, iligongana hewani na ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172. Dash 8 ilifaulu kurejea na kutua salama. Cessna ilianguka katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, na watu wawili waliokuwemo, mwanafunzi na mkufunzi wake, wakafariki.

Si sahihi kuitumia ajali hiyo kuwalaumu wakufunzi. Inachoonyesha ni mazingira wanamofanyia kazi. Wilson ni mojawapo ya viwanja vyenye shughuli nyingi zaidi katika eneo hili. Ndege za watalii, za mizigo, za madaktari, za abiria na za wanafunzi hutumia anga moja. Mkufunzi hutakiwa kumtazama mwanafunzi, kusikiliza redio, kuchunguza vipimo na kukagua anga pande zote kwa wakati mmoja.

Wilson pia imeinuka karibu mita 1,690 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana likiwaka huwa nyepesi zaidi. Ndege huhitaji mbio ndefu kabla ya kuruka, na injini hupungukiwa nguvu. Anayejifunza mahali kama hapo hujifunza somo ambalo wenzake wa pwani huenda wasilione mapema.

Hali hiyo hiyo ndiyo inayoikabili Gusii. Kusini-magharibi mwa mji wa Kisii, katika barabara ya kuelekea Migori, kuna uwanja mdogo wa ndege wa Suneka. Mkazi wa Nyakoe hufika huko kwa kuvuka mji tu. Kila mara panapozungumzwa kuhusu kusambaza mafunzo nje ya Nairobi, viwanja vidogo vya kaunti kama huu hutajwa.

Wazo hilo lina mvuto. Anga isiyo na msongamano humpa mwanafunzi nafasi ya kurudia kuruka na kutua bila kungoja foleni, na kungoja huku injini ikinguruma ni pesa zinazochomeka. Lakini halitoshi kuwa na barabara ya lami na jina la uwanja. Mafunzo yahitaji mafuta, mafundi, zimamoto, ua wa kuzuia watu na mifugo, na mawasiliano ya kutegemewa.

Kuna pia suala la hewa. Nyanda za Gusii ziko katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambao ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Asubuhi huwa shwari, na alasiri mawingu hujikusanya juu ya milima na kumwaga mvua. Mkufunzi asiyeijua tabia hiyo angeweza kumtuma mwanafunzi safari ya peke yake saa nane mchana na kujuta saa tisa. Maana yake ni kwamba kabla ya Suneka kuhitaji ndege za mafunzo, ingehitaji wakufunzi wakongwe wanaoielewa anga ya huko.

Nini kifanyike

Hatua ya kwanza ni kuubadilisha ukufunzi kutoka daraja la kupita hadi taaluma yenye ngazi zake yenyewe. Mkufunzi mkuu, mkufunzi wa wakufunzi na mtahini wanastahili mishahara itakayomfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kuhama. Shule zitadai kuwa zitalazimika kupandisha karo. Lakini iwapo mwalimu bora atapunguza saa zinazorudiwa, huenda jumla ya bili ya mzazi isipande hata kidogo.

Pili, kuna hazina ambayo haijatumiwa ipasavyo. Kanuni za kimataifa humzuia rubani kurusha ndege za abiria katika safari za kimataifa za kibiashara anapofikisha umri wa miaka 65. Kikomo hicho hakihusu kufundisha. Kapteni mstaafu mwenye afya njema na kibali cha ukufunzi anaweza kuendelea kutoa elimu, kama si hewani, basi darasani na katika mitambo ya kuigiza urukaji. Sharti ni kwamba asichukuliwe kwa sifa za zamani pekee. Naye ajifunze kufundisha.

Tatu, ufadhili wa umma uambatanishwe na masharti. Kaunti na mashirika yanayowasomesha vijana yanaweza kuwataka wahudumu kama wakufunzi kwa muda maalumu baada ya kuhitimu, huku wakilipiwa kozi ya ukufunzi. Kwa njia hiyo kijana hupata saa zake, shule hupata mwalimu atakayekaa kwa kipindi kinachojulikana, na mlipa kodi hupata thamani ya pesa zake. Serikali imekuwa ikitumia mbinu inayokaribiana na hiyo kwa madaktari wanaosomea ubingwa, na hakuna sababu ya anga kuachwa nje.

Nne, Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini (KCAA), ambayo hutoa leseni na kuidhinisha shule, inaweza kumsaidia mzazi kwa kuziagiza shule zitangaze mambo mawili kwa uwazi: wastani wa saa ambazo wanafunzi wake huchukua hadi kupata leseni, na muda ambao wakufunzi wake hukaa kazini. Takwimu hizo mbili zingemwambia mzazi mengi kuliko picha za vijana waliovalia sare mabangoni.

Hadi hayo yatendeke, mzazi hana budi kujilinda. Busara ni kumpeleka mtoto kwa uchunguzi wa afya wa daraja la kwanza kabla ya kulipa karo yoyote, kwani macho au moyo vinaweza kuifunga njia hata kabla haijaanza. Ahakikishe shule ina idhini ya KCAA. Aulize ni ndege ngapi zinazoruka, si ngapi zilizoegeshwa. Alipe kwa awamu badala ya kutoa mamilioni kwa mkupuo mmoja.

Zaidi ya yote, aulize kuhusu walimu: ni wangapi, wamekaa kwa muda gani, na ni nani atakayemsimamia mkufunzi mchanga atakayepewa mtoto wake. Shule nzuri haitakerwa na maswali hayo.

Kuna pia suala la lugha. Tangu mwaka 2008, ICAO imewataka marubani wanaoruka safari za kimataifa kuthibitisha ustadi wao wa kuzungumza Kiingereza, kiwango cha kufanyia kazi kikiwa cha nne kati ya sita. Kijana aliyelelewa kwa Ekegusii na Kiswahili anaweza kukifikia bila shida. Lakini mkufunzi anayeweza kufafanua jambo gumu kwa lugha inayomwelea mwanafunzi, kisha akamrudisha kwenye Kiingereza cha redio, ana silaha ambayo mgeni hana. Hiyo ni hoja nyingine ya kutaka wakufunzi zaidi watoke mashinani.

Gusii imewahi kusifika kwa kutoa walimu. Katika vijiji vingi vya huko, mwalimu ni mtu anayejulikana kwa jina, anayefundisha mzazi na baadaye akamfundisha mwana. Jamii haikumheshimu kwa sababu alikuwa na mshahara mnono. Ilimheshimu kwa kuwa alikaa.

Sekta ya ndege nchini bado haijampa mwalimu wake sababu ya kukaa. Mradi hali ibaki hivyo, kijana wa Nyakoe atakayefaulu kupanda ngazi hiyo atakuwa amelipia karo yake mwenyewe na, kwa saa alizorudia, sehemu ya safari ya walimu wake pia. Mwenye pesa ataweza kulibeba deni hilo. Mwingine ataishia na nusu ya leseni, ambayo haina kazi yoyote duniani.